Bakteria "walijigeuza" au "waligeuka"?

Mwalimu mmoja wa baiolojia sekondari kaniuliza, nafupisha: "Nilikuwa naelezea wanafunzi lile jaribio la Marekani la kukuza bakteria miaka na miaka ili kuona mageuzi, nikaandika ubaoni 'bakteria walijigeuza ili waweze kula sitreti'. Mwenzangu akasema Kiswahili hicho hakifai. Hakifai wapi? Na ni mageuzi au mageuko?"

Mwalimu, asante sana. Kisarufi sentensi yako haina kosa hata moja, ila inasema jambo ambalo halikutokea, na vinavyoiharibu ni vijineno viwili vidogo tu, ji na ili.

Jaribio lenyewe ni la mwanabaiolojia Richard Lenski, alilianza Februari 1988 California, baadae likahamia Michigan. Chupa 12 za E. coli, aina ya bakteria wanaoishi utumboni, wote ukoo mmoja. Kila siku wanachota mililita 0.1 kwenye chupa ya jana wanatia kwenye mililita 9.9 za supu mpya, yani maji ya chakula chao, yenye glukosi kiduchu, kesho hivo hivo, hapo wanapata vizazi sita na kitu kwa siku, na kila baada ya vizazi 500 sampuli inaenda kwenye friza kwahiyo mababu bado wapo, ukiwayeyusha wanaendelea kuzaana. Ndani ya supu kuna sitreti pia, inayotokana na asidi ileile ya kwenye ndimu, lakini E. coli wa kawaida penye oksijeni hawaiwezi. Basi vimepita vizazi zaidi ya 31,000, chupa moja ikakutwa supu yake imekuwa nzito, ina ukungu kama maji ya kuoshea mchele wakati zingine ni za kawaida. Humo mna bakteria wanaokula sitreti.

Sasa ji. Kinyonga anajigeuza rangi, sawa kabisa, sababu ni kinyonga yuleyule, saa hizi kijani baadae kahawia. Bakteria mmoja mmoja hakufanya hivo. DNA, yani maelekezo ya urithi ndani ya seli, inaponakiliwa makosa yanatokea yenyewe, mengi hayana faida, mara moja moja kosa linampa mmoja nafuu, anazaa kuliko wenzie, na watoto wanarithi. Kilichobadilika ni ukoo. Na ili ndo inaleta nia kabisa, kama vile walikaa kikao wakaamua. Mbona chupa zile 11 zingine zina sitreti ileile siku zote na hazikufanya kitu?

Hili sio suala la maneno tu, watu wamelipima. Mwaka 1952 wanasayansi Joshua na Esther Lederberg walichukua sahani yenye makundi ya bakteria wakaigandamizia kitambaa cha mahameli, halafu kitambaa kile wakakipiga kama muhuri kwenye sahani zingine zenye dawa ya kuua bakteria. Walionusurika wakaota sehemu zilezile kwenye kila sahani, na walipofuatilia sehemu hizo kwenye sahani mama, ambayo dawa haijawahi kuigusa, mwishowe wakapata bakteria ambao tayari ni sugu. Yani usugu ulikuwepo kabla, dawa imechagua tu. Ndo maana mi huwa naumia nikisikia mtu duka la dawa anasema kuhusu dawa kama hiyo "mwili wangu umeshazoea hiyo dawa", mwili haujazoea chochote, ni vijidudu sugu vimebaki na kuzaana, na anayeamini ni mwili anaona akipumzika wiki mbili dawa itarudi kufanya kazi. Hata neno sugu lina picha hiyo ya kuzoea, asili yake ni ile ngozi ngumu ya kiganja cha mshika jembe inayokuja kwa kusuguliwa. Silipingi, limeshakaa na linaeleweka, ila kitenzi unachokiweka pembeni yake kiangalie.

Mageuzi na mageuko: mageuzi yametoka kwenye geuza, yupo anayegeuza, na ndivyo tunavyolitumia, mageuzi ya elimu, ya siasa, hadi chama kina jina NCCR-Mageuzi. Mageuko ni ya geuka, kama shuka na shusha, jambo linakuwa lenyewe. Wengi wanaandika mageuzi kwa maana ya baiolojia na siwezi kusema wamekosea, matumizi yameshaenea, lakini darasani mimi ningechagua mageuko sababu halimtafuti mtendaji.

Ubaoni ungeandika hivi: "Baada ya vizazi zaidi ya 31,000, katika chupa moja ulitokea ukoo wa bakteria wanaoweza kula sitreti penye oksijeni." Tokea inatosha. Na kuhusu bakteria hawa au bakteria hizi, maana najua litafuata, ni kiumbe hai, mpe a- na wa-, bakteria huyu, bakteria hawa. Hizi utaisikia sana na utaiona hata vitabuni, mwanafunzi akiiandika usimkate maksi.