Nilianguka kwa 124.992

Asubuhi moja ya Januari, kwenye uwanja wa shabaha nje kidogo ya Houston, mzee aliyekaa meza ya kupimia kasi alinigeuzia kikokotoo nijionee mwenyewe kipimo cha nguvu ya risasi zangu: 124.992. Nikamwomba aihesabu 125, kiwango cha chini kinachotakiwa. Akacheka kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuombwa hivyo mara nyingi, akanionyesha kitabu cha kanuni cha USPSA, chama cha mchezo wetu wa bastola Marekani. Kimeandika waziwazi kwamba hata 124.9999 si 125. Siku hiyo niliruhusiwa kuendelea kupiga mpaka mwisho, ila bila alama. Nilikimbia, nikatoa jasho, nikaangusha vyuma vyote, na jina langu likabaki halina kitu mbele yake.

Risasi zile nilizijaza mwenyewe, yaani ganda tupu nililitia fataki (kile kidude cha chini kinachowasha baruti kikigongwa), baruti na kichwa, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu.

Kwanza niseme nilipo. Naishi Texas, na sheria ya Marekani inamruhusu mwenye haki ya kumiliki silaha ajijazie risasi za matumizi yake nyumbani bila leseni. Akitaka kuziuza, hapo anahitaji leseni ya mtengenezaji. Ndugu zangu wa Tanga wanaponipigia simu na kusikia mashine ya kujazia risasi ikigonga, huniuliza kama nimefungua kiwanda. Basi wewe unayesoma ukiwa Tanzania au Kenya, jua kwamba huko sheria ni nyingine na ni kali. Usiyabebe haya ukayafanye gereji kwako.

Kwa asiyeujua mchezo wetu: unapiga bastola huku unahama kutoka kituo hadi kituo, kisha alama zako zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Atakayefanya haraka na kulenga vizuri ndiye mshindi. Sasa, risasi dhaifu haipigi teke kubwa, bastola inarudi mahali pake mapema, na sekunde zinapungua. Kila mtu angejaza risasi nyepesi kama za watoto. Ndiyo maana pakawekwa kizuizi: uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo cha vitu vyepesi sana), mara kasi yake kwa futi kwa sekunde, gawa kwa 1,000. Jibu lisipungue 125. Kuna daraja la juu la 165, ambalo hupata alama zaidi ukikosa katikati ya shabaha, lakini sisi wa milimita 9 wengi tunacheza na 125.

Mimi nilitaka ulaini wote unaoruhusiwa. Agosti nilikwenda uwanjani na vichwa vya greni 124, nikapiga risasi 10 mbele ya kipima kasi, wastani ukatoka futi 1,035. Ni 128 na kitu. Nikajiona fundi, nikajaza 800 za msimu mzima.

Nilichokisahau ni jua. Agosti ya Houston si mchezo, na boksi langu la risasi lilikuwa limekaa juu ya boneti ya gari saa nzima. Baruti nyingi huwaka kwa nguvu zaidi zikiwa na joto na hulegea zikipoa. Januari tuliamka na ukungu na baridi ya kuvaa glavu, na risasi zililala kwenye buti la gari. Wasimamizi wa mashindano walichukua nane kutoka kwenye begi langu. Moja ikafunguliwa, kichwa kikapimwa: greni 123.8, si 124 kama boksi lilivyosema. Tatu zikapigwa, hazikufika. Tatu nyingine zikapigwa, wakachukua zile tatu zenye kasi zaidi kati ya sita: 1,008. Ikabaki moja, nikachagua nayo ifunguliwe na kupimwa, labda itakuwa nzito. Ilikuwa 124.0 barabara. Fanya hesabu mwenyewe.

Tangu siku hiyo nalenga 131 au 132. Wako wanaoshindana kubaki 127 kwa sababu wanasema teke linahisiwa tofauti. Sijawahi kumwona mtu wa kiwango changu aliyeshindwa kwa tofauti ya alama nne za teke, ila nimewaona wengi, nami nikiwa mmoja wao, waliorudi nyumbani bila alama. Na kabla ya mashindano ya baridi natia risasi 10 kwenye mfuko uliofungwa vizuri, zinalala ndani ya friji, asubuhi nazipeleka uwanjani ndani ya kipozeo cha soda. Napiga hizo, kisha 10 zilizokaa kivulini. Tofauti nitakayoipata inaniambia baruti yangu ni ya tabia gani. Mke wangu hapendi kabisa kuona risasi karibu na maziwa, na nakiri ana hoja.

Vipima kasi navyo havisemi kitu kimoja. Kile changu cha zamani kilitegemea mwanga, na jua likiwa upande mbaya kilinidanganya. Hivi vya rada vimetulia zaidi. Lakini hata kiwe kizuri namna gani, kitakachokuhukumu ni chao, si chako. Na mtutu wa mwenzako si mtutu wako: risasi zilezile, bastola mbili za kampuni moja, unaweza kukuta tofauti ya futi 20 au zaidi.

Watu huniandikia wakitaka vipimo vyangu vya baruti. Sitoi, hata kwa rafiki. Kipimo salama kwenye bastola yangu, na kichwa changu, na urefu wangu wa risasi, chaweza kuwa hatari kwako. Nunua kitabu cha vipimo cha watengenezaji wa baruti yenyewe, anza na kipimo cha chini walichoandika, panda taratibu. Urefu ni jambo ambalo wageni hulidharau: ukikididimiza kichwa ndani zaidi ya ganda, nafasi inapungua, na shinikizo la milimita 9 hupanda upesi sana.

Baruti yenyewe ichague kwa akili. Zile zinazowaka haraka zinapendwa kwa sababu kidogo tu kinatosha na bastola inatulia. Ubaya wake ndio huohuo: kidogo tu kinatosha, kwa hiyo ganda linaweza kumeza kipimo maradufu bila kufurika, na bastola ikapasuka mkononi. Mimi nimehamia kwenye baruti inayojaza zaidi ya nusu ya ganda. Nikikosea nikaiweka mara mbili, inamwagika mezani na ninaiona. Nimefunga na taa ndogo juu ya mashine ili nichungulie kila ganda kabla ya kichwa kukaa. Mezani huwa na chupa moja ya baruti, basi. Simu inabaki chumbani. Hii ya simu nilijifunza siku ambayo shangazi alipiga kunipa habari za msiba. Niliporudi kwenye mashine sikukumbuka nimeishia wapi, nikavuta mpini. Risasi moja ikatoka haina baruti.

Nayo niliikuta wiki mbili baadaye, katikati ya zoezi. Badala ya mlio ikasikika “pfu”, kama mtu anayepuliza mshumaa. Nguvu ya fataki peke yake ilikuwa imekisukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu kikakwama. Kidole changu kilikuwa tayari kwa risasi inayofuata, na msimamizi akapaza sauti nisimame. Bila yeye ningekuwa nimevimbisha mtutu, au mabaya zaidi. Mlio ukikushangaza, acha. Toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, uchungulie mtutu baada ya kuutoa. Sekunde utakazopoteza hazina thamani ya vidole.

Kuhusu bastola yenyewe nitasema machache, maana wengi huanza huko na wangepaswa kumalizia huko. Napiga CZ Shadow 2. Chemba ya CZ nyingi ina koo fupi, yaani kichwa hukutana na mifereji ya mtutu mapema, kwa hiyo risasi inayoingia vizuri kwenye bastola ya Glock ya rafiki inaweza kugoma kwangu. Dawa yake haina gharama: toa mtutu, usimamishe mdomo ukiangalia chini, dondosha risasi. Iingie kwa uzito wake na kulia “ti”, izunguke kwa kidole, itoke ukiupindua. Isipotoka, ni ndefu mno kwa chemba hiyo, au mdomo wa ganda, uliopanuliwa wakati wa kujaza, haukurudishwa sawasawa.

Kisha kuna springi. Nilibadili springi ya nyundo nikaweka laini, na triga ikawa tamu ajabu. Kwa miezi mingi sikujuta, kwa sababu nilikuwa natumia fataki za kampuni inayojulikana kwa fataki laini. Ikaja 2020, watu wakafagia maduka, na mwaka uliofuata fataki zikawa adimu kama sukari mwezi wa Ramadhani. Ulichokipata ndicho ulichonunua, kwa bei ya kuumiza. Nikapata ngumu. Nyundo laini, fataki ngumu: “kli”, kimya. Kwenye hatua moja ya mashindano nilipata tatu za namna hiyo. Nikairudisha springi karibu na ile ya kiwandani, na utamu wa triga ukapungua kidogo, na bastola ikapiga kila mara. Ila kabla hujaishtaki springi, ipige tena ileile iliyogoma. Ikilipuka mara ya pili, huenda fataki haikukaa chini kabisa na pigo la kwanza lilimaliza tu kazi ya mashine yako.

Springi inayorudisha slaidi nayo huendana na nguvu ya risasi. Badili kimoja kwa wakati mmoja, piga 200, andika. Niliwahi kubadili springi, kichwa na urefu wikendi moja, nikapata bastola inayokwama na sikujua ni kipi kati ya vitatu. Usalama wa triga usiuguse kama si fundi. Bastola inayolia ikidondoka itakutoa mashindanoni, au itamtoa mtu duniani.

Na usahihi? Eneo la alama kamili kwenye shabaha yetu ni kama sentimita 15 kwa 28. Bastola inayokusanya matundu ndani ya inchi tatu kwa yadi 25 imekutimizia yake, inchi zinazobaki ni mkono wako. Wenzangu wa bunduki ndefu, wanaopiga yadi 1,000, wana haki ya kupima kila chembe ya baruti na kugombana kuhusu tofauti ya kasi ya futi tano. Huko tofauti hiyo inaonekana kwenye shabaha. Sisi tunaiga ugonjwa wao bila kuwa na umbali wao.

Jambo la afya, halipendwi lakini nitalisema. Vumbi la mashine ya kusugulia maganda lina risasi, ile metali yenyewe, inayotokana na fataki. Yangu inanguruma nje uani, si gereji, na ninavaa barakoa wakati wa kuchekecha. Sili wala sinywi mezani. Mikono naosha kwa maji baridi na sabuni kabla sijamshika mtoto.

Usiku wa kuamkia mashindano nakaa sakafuni na mtutu wa CZ, boksi la risasi 250 na kikombe cha chai ya tangawizi kando kwenye stuli, mbali na mikono. Nadondosha moja baada ya moja. Ti. Ti. Ti. Zinazogoma huwa mbili au tatu, nazitenga nizifungue baadaye. Kwenye mfuniko naandika tarehe, urefu, wastani wa kasi na joto la siku niliyopima. Boksi la kesho limeandikwa nyuzi 6.