Jibu: Mzee kastaafu, haongei, je aende kwa mshauri nasaha?

Pole mkuu. Unauliza kama baba yako, mliyemhamishia Nyegezi, Mwanza, baada ya kustaafu ualimu Sengerema, anahitaji mshauri au ni uzee tu. Mtu anayeamka alfajiri, akapiga viatu rangi, akavaa, kisha akakaa barazani hana pa kwenda? Mimi nisingeuita uzee.

Mwaka 1967 Holmes na Rahe, madaktari wa akili wa Marekani, waliyapa matukio ya maisha uzito kwa jinsi yanavyoleta msongo: kufiwa na mwenzi pointi 100, kustaafu 45. Mzee wenu amestaafu na kuhama kwa mpigo.

Nilipofiwa na mume wangu niliamini wanasaikolojia ni wa vichaa. Miezi ikapita nasonga ugali wa watu wawili. Wa kwanza niliyemwona alinihubiria tu, nikamkimbia. Wa pili akauliza, "Saa ngapi inakuwa ngumu zaidi?" Jioni. Basi tukaanzia hapo: kila jioni niende soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hata kama sinunui dagaa. Ndiyo kazi yao, unarudia shughuli kidogo kidogo bila kungoja hamu, wiki inayofuata mnaangalia imekuwaje.

Hospitali ya Bugando hapo Mwanza wana idara ya magonjwa ya akili. Usimwambie anaumwa akili, mwambie unamsindikiza kwa ajili ya usingizi. Ila akitamka habari za kujiua, ni siku hiyohiyo, msisubiri.

Na wenzake wa Sengerema je? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, hamna tena foleni ya kivuko. Mpeleke Jumamosi hii akawasalimie.