Kuficha Kisanduku cha Letaboksi Kando ya Ziwa Bila Maji Kukiharibu

Visanduku vingi vinavyofichwa kando ya maziwa haviibwi. Huloa, au huelea vikaenda zake. Kwa hiyo anayetaka kuficha cha kwake aanze na maji, fumbo la kuwaelekeza watafutaji lifuate baadaye.

Kwa mgeni wa letaboksi, mchezo wa kutafuta visanduku vilivyofichwa kwa kufuata fumbo: ulianzia Dartmoor, Uingereza, mwaka 1854, pale mwongoza wageni James Perrott alipoacha chupa katika Cranmere Pool ili wanaofika huko waache kadi zao za majina. Siku hizi kisanduku huwa na muhuri na daftari. Mtafutaji huja na muhuri wake, daftari lake na pedi ya wino. Hugonga muhuri wa kisanduku katika daftari lake, na wake katika daftari la kisanduku, kisha hukirudisha mahali pake.

Omba ruhusa kwanza kwa wasimamizi wa eneo. Wala usichimbe shimo. Ardhi iliyochimbwa kando ya maji humomonyoka upesi.

Tafuta kisanduku cha plastiki ngumu chenye mpira ndani ya mfuniko na vibano pande zote nne. Kisiwe kilichowahi kubeba chakula, maana harufu isiyosikika puani mwako mnyama huifuata. Kijaribu: tia karatasi ya tishu ndani, funga, kizamishe ndooni chini ya jiwe zito usiku kucha. Tishu ikitoka na unyevu wowote, kiache. Hata hivyo, kisanduku kizuri nacho huvuja, na mara nyingi sababu ni ileile: ncha ya mfuko imebanwa na mfuniko, au chembe za mchanga zimekaa juu ya mpira. Andika onyo hilo ndani ya mfuniko. Muhuri na daftari viwe katika mifuko tofauti yenye mdomo wa kubana, kwa kuwa muhuri hurudishwa ukiwa bado na wino na kurasa zikagandana.

Mahali pa kuficha, angalia maji yaliwahi kufika wapi: mstari wa vijiti na magugu makavu, au doa kwenye mawe. Panda juu zaidi ya hapo, kwa sababu upepo mkali husukuma mawimbi kuupita mstari huo. Kiweke penye kivuli kati ya mawe, na jiwe juu yake.

Fumbo ndipo wengi wanapokosea. "Hatua 20 kutoka ukingo wa maji" ni maelekezo mabovu; ukingo huhama kila msimu. Anzia kwenye kitu kisichosogea, kama mwamba au nguzo ya zege, si gati linaloelea. Ukitumia dira, taja kwamba nyuzi zako ni za kaskazini ya sumaku. Kosa la nyuzi 5 tu katika meta 100 humpeleka mtu karibu meta 9 pembeni, hivyo ikate njia vipande vya meta 20 au 30, kila kimoja kikiishia kwenye alama inayoonekana. Taja pia hatua yako ni kila mguu ukanyagapo au mguu wa kulia peke yake, la sivyo umbali utakuwa maradufu au nusu.

Muhuri wa kuchonga kwa mkono ndio uzuri wa mchezo huu. Chora kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, ilaze kifudifudi juu ya raba, sugua kwa mgongo wa kijiko. Mchoro utageuka wenyewe, na herufi zitasomeka sawa zikigongwa. Unapokata, kuta za kila mstari ziteremke kwa nje; ukichimba chini ya mstari, hukatika baada ya kugongwa mara chache.

Mtafutaji naye apekue kwa kijiti kabla ya kutia mkono, kwani nyoka nao hupenda mianya hiyo. Asogee mbali na maficho kabla ya kufungua, ili wapita njia wasipajue. Mvua ikinyesha, asifungue. Mwisho aufute muhuri na mpira wa mfuniko, akirudishe kisanduku na jiwe lake.

Mwenye kisanduku akikague kila baada ya maji kupanda, akiwa na daftari na mifuko ya akiba.