Maswali ya wasomaji: wachezaji wanne, mafungu matano

SWALI: Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa kubuni, toleo la tano, wachezaji wanne na msimamizi anayeongoza hadithi. Tumemuua joka na kukuta sarafu 1,840 za dhahabu, 600 za fedha, 1,000 za shaba, almasi yenye thamani ya dhahabu 300, deraya ya mabamba na pete ya uchawi. Mpiganaji anataka deraya na bado anadai fungu zima la sarafu. Pete inagombewa na wawili. Tugawane vipi bila kununiana?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Msigawe kwa nne, gaweni kwa tano. Fungu la tano ni la mfuko wa kikundi. Almasi nayo iwekeni kando kabla ya hesabu yoyote, iingie mfukoni moja kwa moja. Uchawi wa Revivify, unaomrudishia uhai mwenzenu aliyekufa si zaidi ya dakika moja iliyopita, hula almasi ya dhahabu 300 kila unapotumika. Si haki kasisi, mhusika anayeutumia uchawi huo, ainunue kwa fungu lake ili awafufue ninyi. Mfuko huohuo ndio ununue dawa za kuponya, dhahabu 50 kwa chupa.

Sasa geuzeni sarafu zote ziwe dhahabu. Fedha 10 ni dhahabu 1, shaba 100 ni dhahabu 1. Fedha zenu zinatoa 60, shaba zinatoa 10, jumla 1,910. Ila hizo shaba zifikirieni kabla ya kuzibeba: sarafu 50 zina uzito wa ratili moja, kwa hiyo mtatembea na ratili 20 mgongoni kwa ajili ya dhahabu 10 tu.

Kwenye deraya ndipo wengi wanapokosea. Dukani ni dhahabu 1,500, basi wanamtoza mpiganaji 1,500, naye anakasirika kwa haki kabisa. Silaha na deraya, hata zikiwa nzima, huuzwa nusu bei. Vito ndivyo vinavyouzwa bei kamili. Kikundi kingeiuza kwa 750, kwa hiyo hasara ya kumwachia mpiganaji ni 750.

Jumlisheni: 1,910 na 750 ni 2,660. Gawanyeni kwa tano, kila fungu 532. Mpiganaji amebeba kitu cha 750, amezidisha 218, hapati sarafu hata moja. Wenzake watatu wapewe 532 kila mmoja, jumla 1,596. Zinabaki 314, ziende mfukoni, na mpiganaji aandikiwe deni la 218 kwa mfuko, likatwe kwenye ngawira ijayo. Msimbane zaidi ya hapo, maana mapigo anayapokea yeye mbele yenu. Akifa, deraya irudi kwa kikundi na deni lifutwe.

Pete msiitie bei. Vifaa vya uchawi havina soko la uhakika, na mkianza kukisia thamani mtakesha. Tumieni foleni. Rusheni dadu ya pande 20 mara moja tu, mwandike majina kuanzia aliyepata namba kubwa. Anayechukua kifaa anakwenda mwisho wa foleni, asiyetaka anabaki pale alipo. Kurusha dadu upya kwa kila kifaa kunaonekana haki, lakini dadu haikumbuki nani alipata jana. Mtu mmoja anaweza kushinda mara tatu mfululizo na mwingine akatoka mtupu.

Kabla ya kuita jina, ulizeni nani ana nafasi. Vifaa vya uchawi vinavyotaka kufungamana kwanza na mwenyewe ndipo vifanye kazi haviruhusiwi zaidi ya vitatu kwa mhusika mmoja. Mwenye vitatu tayari aseme kipi anaachia, na hicho kirudi kwenye foleni siku hiyohiyo.

SWALI: Mwizi wetu hutangulia, hufungua sanduku peke yake na kuficha vito. Anasema ndiyo tabia ya mhusika wake.
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Tabia hiyo ameichagua mchezaji, na anayeibiwa ni rafiki yake aliyekaa naye mezani. Kubalianeni kabla ya safari inayofuata: kinachopatikana njiani ni cha wote mpaka kigawanywe. Msimamizi ataje kwa sauti kila kilichomo sandukuni, wala asipitishe vikaratasi vya siri. Mchezaji mwingine, asiwe mwizi, aandike orodha daftarini papo hapo. Mikono ikimwasha mwizi wenu, matajiri wa mjini wapo.

SWALI: Asiyekuja siku ya ngawira apewe?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Sarafu apewe fungu zima. Mkimnyima, mhusika wake atabaki na deraya mbovu na pambano lijalo mtaliona joto lake nyote. Kifaa cha uchawi hachagui siku hiyo, ila nafasi yake kwenye foleni isiguswe.