Maswali ya Shambani: Maji yanapita wapi kwenye kiwanja chako?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi na mume wangu tumejenga Mbalizi, kiwanja cha robo eka kilicholala kwenye mteremko. Rafiki yangu alikwenda kwenye mafunzo ya pamakalcha, yaani kupanga shamba na makazi kwa kufuata maumbile ya asili, akarudi na daftari limejaa michoro ya miduara na kanda za namba. Mimi ada sina. Msimu uliopita niliweka madebe kumi ya samadi, mvua kubwa ya Januari ikaizoa yote mpaka barabarani. Mume wangu anasema tupande milingoti tupumzike. Nianzie wapi?
*Msomaji, Mbalizi, Mbeya*

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa samadi, najua uzito wa debe moja kichwani. Lakini umeniambia samadi ilikwenda wapi, hukuniambia maji yaliyoichukua yaliingilia wapi. Hapo ndipo pa kuanzia, na hapana ada.

Mvua kubwa ijayo usikae ndani. Vaa mabuti, chukua mwavuli, ukizungukie kiwanja kuanzia juu. Tazama maji yanaingilia kona ipi, yanakimbilia wapi, yanatuama wapi. Kila mahali choma kijiti. Mvua ikikatika, hivyo vijiti ndivyo ramani yako ya kwanza, na ni ya kweli kuliko mchoro wowote wa daftarini.

Nakusisitizia hivi kwa sababu mwaka wangu wa kwanza mimi sikutazama. Nilichimba mtaro hatua ishirini kwa kukadiria kwa macho, nikaona umenyooka. Kumbe upande mmoja ulikuwa chini, wala sikuuachia pa kutokea. Usiku mmoja ulijaa, ukapasukia konani, ukashuka na maharage ya jirani yangu yaliyokuwa yameanza kutoa maua. Asubuhi nilimwendea na kopo la mbegu kumwomba radhi. Alipokea mbegu, kisha akanishika mkono kunionyesha njia ya maji ya tangu zamani. Mimi nilikuwa nimepanda mahindi juu yake! Kwa hiyo ukishachoma vijiti vyako, waulize na majirani, hasa aliye juu yako na aliye chini yako.

Mtaro wa kunasa maji sharti ulale sawa, na macho hayapimi usawa. Tengeneza fremu A. Tafuta fito mbili zilizonyooka, kila mmoja mita 2 hivi. Zifunge pamoja juu kwa mpira wa tyubu, tanua miguu, kisha funga ufito mfupi katikati kama ule mstari wa herufi A. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, ipite mbele ya ufito mfupi. Simamisha miguu juu ya vigingi viwili, ngoja jiwe litulie, weka alama ya mkaa kamba inapogusa. Sasa geuza fremu, mguu wa kulia ukae kwenye kigingi cha kushoto, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa, paweke alama ya tatu kubwa. Kuanzia hapo unatembea nayo shambani: mguu mmoja umetulia, wa pili unautafutia mahali mpaka kamba iguse alama ya katikati. Choma kigingi, songa mbele. Fanya asubuhi kabla upepo haujaanza, maana jiwe likicheza litakudanganya.

Utashangaa mstari unavyopinda. Uache upinde. Chimba mtaro kuufuata, kina cha nusu mita kinatosha, udongo uutupe upande wa chini uwe tuta. Juu ya tuta panda majani ya guatemala au matete yashike udongo, na mchicha na maboga nafasi inapobaki. Mahali pa maji ya ziada kutokea pashushe kidogo, pangilia mawe, na payaelekeze kwenye njia ya zamani watakayokuonyesha majirani. Miti ya parachichi ipande upande wa chini wa tuta, kamwe si ndani ya mtaro, mizizi yake huoza ikikaa majini. Karibu na msingi wa nyumba au shimo la choo usichimbe kabisa. Na pale mlima unapokuwa mkali kiasi kwamba hata toroli haisimami, acha jembe, panda mistari ya majani tu.

Bati nalo usilisahau. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 8 kwa 10, mvua ikinyesha milimita 20, linamwaga lita 1,600 kwenye uwanja wako. Huenda sehemu kubwa ya maji yaliyobeba samadi yako yalitoka hapo hapo nyumbani! Weka mfereji wa bati na pipa, na pipa likijaa maji yaende kwenye migomba. Maji ya kuogea pia yapeleke huko.

Kanda za rafiki yako zisikutishe, ni hesabu ya nyayo tu. Nyumba ni kanda 0. Unachokigusa kila siku, mboga, vitunguu majani, mchaichai, kaa nacho mlangoni, hiyo ni kanda 1. Kuku na matunda hufuata. Kanda za mbali, za kuni na za pori, robo eka haina, usijilazimishe. Mwambie baba wa nyumba kwamba milingoti hunywa maji mengi na kivuli chake hakitamwachia hata tembele. Kama ni kuni anazozitaka, mtaotesha mirusina michache mpakani, mkiikata matawi kila mwaka.

Na mabua ya mahindi, nakuomba, usiyachome. Yalaze juu ya samadi yawe matandazo.

SWALI: Mama, huku Kilolo tunaambiwa pamakalcha ni elimu mpya. Je, vinyungu vyetu, zile bustani za kiangazi za mabondeni penye unyevu, tuviache?
*Msomaji, Kilolo, Iringa*

JIBU: Jina ndilo jipya. Lilitoka Australia, Bill Mollison na David Holmgren walilitangaza katika kitabu chao cha mwaka 1978. Msingi wake ni mambo matatu: kutunza ardhi, kutunza watu, kugawana ziada. Lakini Wamatengo wa Mbinga walikuwa wakilima ngoro muda mrefu kabla ya hapo: wanafyeka majani, wanayalaza kwa miraba, wanayafukia kwa udongo wa katikati, panabaki mashimo yanayonasa mvua na majani yanaozea chini ya maharage. Nenda Rungwe ukaone kahawa chini ya migomba. Kinyungu nacho ni ujuzi: mahali pengine pamekauka, wewe una mboga mbichi mwezi wa Septemba.

Cha kuangalia ni mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji. Pima kwa kamba, si kwa hatua. Kinyungu kikiwa ndani ya mita hizo, kihamishe, na ukingo urudishie miti ya asili inayoota bondeni kwenu. Wazee wa kijiji wataikumbuka kwa majina, waulize kabla hujanunua miche.