Betri ya Leaf si betri ya maji

Jamani vijana mnaofunga betri kuukuu za Nissan Leaf, lile gari la umeme, kwenye kambi zenye jenereta, bado mnaniacha hoi. Jenereta ya kVA 10 inanguruma usiku kucha kwa friji mbili na taa, bomba la moshi linatoa majimaji meusi, halafu mwenye kambi anaambiwa dizeli siku hizi mbaya. Dizeli haina kosa. Mzigo ukiwa chini ya asilimia 30, injini haipati joto na mafuta hayaungui yote.

1. Jenereta ifanye kazi saa chache, kwa nguvu, saa zilizobaki betri ibebe. kVA 10 ni kilowati 8. Mzigo wa mchana ukiwa kilowati 1.5, wekeni chaja ya inveta (mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, na kuichaji) ampea 80. Jumla mtafika kilowati 6 hivi. Iwake betri ikishuka hadi asilimia 30, izimwe kwenye 85, maana betri ya lithiamu kama hii ikikaribia kujaa huvuta kidogo kidogo.

2. Moduli saba mfululizo. Za Leaf ya kilowati-saa 24 zina seli mbili mbili mfululizo, kwa hiyo saba ni seli 14. Hapa ndipo mnaponiua. Inveta nyingi hutoka dukani zimepangiwa betri za risasi na asidi, zikiwemo hizo za maji. Mnaunga, taa ya kijani inawaka, mnapanda matatu kurudi mjini. Siku ya siku, ikwalaizesheni (chaji ya nguvu ya kusawazisha betri za maji) inaamka yenyewe na kusukuma volti 60. Gawanyeni kwa 14: 4.29, na mwisho wa seli hizi ni 4.2. Tena hazigawani sawa. Moduli zimetoka magari tofauti, iliyochoka inajaa mapema, inafika 4.4 wenzake wakiwa bado. Inavimba kama hamri kwenye karai. BMS, kifaa kinacholinda kila seli, ingekata, lakini mmeiruka eti inveta ina ulinzi wake. Inveta huona jumla, haioni seli! Ile terminali ya katikati ya moduli si pambo: waya saba kati ya 15 za BMS zinaanzia huko. Ikwalaizesheni izimwe, kujaza kuishie volti 57.4, kukata 46.2, na mpime kwa mita kwenye betri yenyewe, si kwenye skrini.

3. Moduli saba ni safu moja. Kabla ya kuunga safu sambamba, zilinganisheni volti. Kila safu na fyuzi yake ya DC. Moduli zibanwe kwa bamba pande zote mbili.

4. Lagi, vile vichwa vya waya, ziwe za shaba iliyopakwa bati, kwa chumvi hii ya pwani. Sanduku la betri likae kivulini, mbali na jenereta. Betri hizi za Leaf hazina maji ya kupoza.

Na yule anayeng'ang'ania moduli nane: zikijaa ni volti 67. Soma kwanza kikomo cha volti kwenye kibandiko cha inveta yako.