Digrii haikupi nyota begani siku ya kwanza

Mdogo wangu, umeuliza kama ukijiunga na Jeshi la Polisi na digrii yako ya rasilimali watu utaanza na nyota, yaani cheo cha ofisa. Hapana. Digrii inaweza kukusaidia kuitwa kwenye usaili, ila depo, yaani mafunzo ya awali, ni ileile, Shule ya Polisi Moshi, na ukimaliza unatoka konstebo kama wenzako. Baada ya hapo kuna koplo, sajenti na kuendelea, na kozi ndizo zinazokusogeza. Ukipata bahati ya kozi ya mkaguzi msaidizi, cheo chenye nyota ya kwanza, utarudi hapa hapa Dar, Kurasini, kwenye Chuo cha Taaluma ya Polisi.

Halafu usichanganye cheo na madaraka, kosa la wengi humu. Mrakibu ni cheo. Mkuu wa kituo au RPC (kamanda wa polisi wa mkoa) ni madaraka: unaweza kuvuliwa leo, ukahamishiwa mkoa mwingine, na cheo chako ukabaki nacho. Kwa mfano, Kanda Maalumu ya Dar ina RPC wa Ilala, wa Kinondoni na wa Temeke, na juu yao yupo kamanda wa kanda.

Fani yako ina nafasi, maana ipo kamisheni nzima ya Utawala na Menejimenti ya Rasilimali Watu. Lakini unaweza kuanzia lindo la benki, tena usiku. Mimi naona ni sawa kabisa. Anayepanga zamu bila kuwahi kukesha huwa anawaumiza wenzake. Kama shida yako ni kiti na kiyoyozi, omba kazi ya kiraia serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira.